Simu ya Duka Isiwe Uwanja wa Kila Mtu: Jinsi ya Kuchagua Programu Zinazofunguka

Hebu tuanze na mfano. Mama mmoja ana duka Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau. Anauza unga, sukari, mafuta, sabuni na vocha. Wateja wengi hulipa kwa nambari ya till, kwa hivyo ana simu janja iliyo kaunta siku nzima. Akienda Voi kuleta bidhaa, mtoto wa kaka yake ndiye hubaki dukani.

Siku moja kijana anapokea faili kwenye WhatsApp ya duka: "Fomu ya mkopo wa biashara, fungua ujaze." Anaifungua. Simu inauliza kama anakubali kusakinisha. Anakubali. Inauliza kama programu hiyo isome ujumbe mfupi. Anakubali pia, maana kuna mteja mlangoni anangoja sukari.

Jioni WhatsApp ya duka inatoka yenyewe kwenye simu. Mwizi aliye mbali ameifungua kwenye simu yake, kwa kutumia nambari ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe mfupi na kusomwa na ile "fomu". Anaanza kuwaandikia wateja: "Till yetu ina shida leo, tuma kwa nambari hii." Kikundi cha akina mama wasusi wa vikapu, ambao walikuwa wanangoja bidhaa za sherehe, kinatuma shilingi 8,500. Pesa zimeenda.

Angalia vizuri jambo moja. Katika mkasa huu hakuna aliyemwambia mtu PIN. Hakuna aliyeiba simu. Hata salio la till halikuguswa. Kilichotokea ni kwamba programu isiyo na kazi dukani iliruhusiwa kuingia dukani.

Huu ni mfano tu, lakini kila hatua yake inawezekana, na dawa yake ni rahisi kuliko watu wengi wanavyodhani: simu ya kazi ifungue programu za kazi peke yake.

Simu inayosimamiwa ni simu gani?

Ni simu ambayo mtu mwingine, mbali na yule anayeishika, ana uwezo wa kuamua inafanya nini. Kampuni hununua simu, huziwekea masharti, halafu huwapa wafanyakazi. Masharti hayo yanaweza kuwa programu zipi zifunguke, nani anaruhusiwa kusakinisha mpya, na nini kifanyike simu ikipotea.

Kenya tumezizoea simu za kazi na vifaa vya kazi moja bila hata kuviita kwa jina. Sensa ya Agosti 2019 ilifanywa kwa tableti badala ya karatasi. Kwenye vituo vya kura, 2017 na 2022, karani alitumia kile kifaa cha KIEMS kukutambua kwa alama ya kidole. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wa afya ya jamii, wapatao 100,000 kote nchini, mikoba ya kazi na simu za kuandikia taarifa za nyumba wanazozitembelea. Kifaa kinachobeba taarifa za familia yako si kifaa cha kuchezea kamari.

Mantiki ni ile ile kwa simu inayobeba pesa za duka.

Orodha mbili, na kwa nini moja ni bora

Kuna njia mbili za kudhibiti programu.

Ya kwanza ni orodha ya marufuku. Unaandika usizozitaka: kamari hapana, michezo hapana, mikopo ya ovyo hapana. Kila kitu kingine kinapita.

Ya pili ni orodha ya ruhusa. Unaandika unazozihitaji. Kila kitu kingine kinabaki nje.

Fikiria bawabu wa geti. Ukimpa picha za wezi kumi, mwizi wa kumi na moja ataingia akipunga mkono. Ukimpa majina ya watu watano wanaoruhusiwa, hana haja ya kujua wezi wako wangapi duniani. Programu za ulaghai hubadilisha jina na nembo kila mara, kwa hivyo huwezi kuzimaliza kwa kuzitaja. Lakini programu ambazo duka lako linahitaji unazijua zote, na pengine hazizidi sita:

- Programu ya kupiga simu
- Ujumbe mfupi
- Programu ya malipo ya biashara unayotumia kuangalia till
- Menyu ya laini, yaani SIM Toolkit
- Kikokotoo
- Kamera, kama unapiga picha risiti za bidhaa

Hiyo ya nne ndiyo watu husahau. Kwenye simu za Android, menyu ya laini nayo huhesabiwa kama programu. Mwenye duka anaweza kufunga kila kitu kwa bidii, halafu kesho yake analalamika menyu ya kutuma pesa imepotea. Haijapotea, ni yeye aliyeiacha nje ya orodha. Kwa hivyo kabla ya kumkabidhi mtu simu, jaribu kila kitu: pokea malipo ya shilingi 10, angalia salio, piga simu, tuma ujumbe.

Na WhatsApp je? Hapa jibu linategemea biashara yako. Kama wateja huagiza kwa WhatsApp, iweke, lakini washa uthibitishaji wa hatua mbili ndani yake. Hapo mtu hataweza kuihamishia kwenye simu nyingine kwa nambari ya ujumbe mfupi peke yake, atadaiwa pia PIN ya WhatsApp uliyoiweka wewe. Kama wateja hawaagizi kwa WhatsApp, haina kazi kwenye simu ya kaunta.

Programu mbaya huingiaje mfukoni?

Pesa zako haziko ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti iliyofungwa na laini yako, huko kwa mtoa huduma. Ukiirusha simu mtoni leo, salio lako liko pale pale.

Basi kwa nini tunahangaika na simu? Kwa sababu simu ndiyo mlango, na programu mbaya hutafuta ufunguo kwa njia tatu hasa.

*Kusoma ujumbe.* Nambari nyingi za uthibitisho huja kwa ujumbe mfupi. Programu yenye ruhusa ya kusoma ujumbe inaziona kabla hujazifuta.

*Huduma za ufikivu.* Hizi ziliwekwa kwenye Android kuwasaidia watu wenye ulemavu, kwa mfano mtu asiyeona anayetaka kusomewa skrini. Ni jambo jema. Lakini programu ya ulaghai ikipewa ruhusa hiyo, inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na hata kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, Google imeweka kizuizi cha ziada kwa programu zilizotoka nje ya duka la programu zinapoomba ruhusa hii. Simu nyingi za zamani hazina kizuizi hicho.

*Kujifunika juu.* Programu inaweza kuchora ukurasa wa uongo juu ya ule wa kweli. Unafikiri unaandika nywila yako kwenye programu ya benki, kumbe unamwandikia mwizi.

Zote tatu zinahitaji kitu kimoja kwanza: programu iingie. Ukiufunga mlango huo, umemaliza kazi kubwa.

Fanya hivi: una simu moja ya duka

Huhitaji kununua huduma yoyote. Unahitaji nusu saa na bando kidogo.

1. Anza upya. Kama simu ilikuwa ya mtu mwingine, hifadhi kilicho muhimu kisha uifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ifungulie akaunti mpya ya Google ya duka. Usitumie akaunti yako binafsi, na nywila ibaki nayo wewe peke yako.

2. Sakinisha zile za orodha tu, kutoka Play Store. Nyingine zilizokuja na simu, zifute au zizime.

3. Funga mlango wa faili. Kwenye mipangilio tafuta sehemu ya kusakinisha programu zisizojulikana. Utaona majina kama Chrome, WhatsApp na programu ya faili. Zote ziwe zimezimwa. Hapa ndipo ile "fomu ya mkopo" ingekwama.

4. Washa Play Protect. Ingia Play Store, gusa picha ya akaunti yako, tafuta Play Protect, uhakikishe inakagua programu.

5. Funga kwa nenosiri vinavyofungika. Simu nyingi za Tecno na Infinix zina sehemu ya kufunga programu moja moja. Funga Play Store na Mipangilio. Mtu wa kaunta hana haja navyo.

6. Tumia kubandika programu. Android ina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini, ili simu isitoke hapo bila nenosiri. Inasaidia sana pale mtoto anapoomba simu, au mteja anaposema "nionyeshe kama imeingia."

Tuseme ukweli: huu ni ulinzi wa duka dogo. Anayejua nenosiri la simu anaweza kuufungua. Lakini wizi mwingi wa aina hii haufanywi na mtaalamu, unangoja mtu mwenye haraka abonyeze "kubali". Ukiondoa kitufe cha kubonyeza, umemwondolea mwizi nafasi.

Fanya hivi: una simu tano au zaidi

Labda una maduka ya wakala Maungu, Voi na Mwatate. Au una waendesha boda wanaopokea malipo. Hapo huwezi kuzunguka ukikagua simu moja moja. Kuna huduma za kusimamia simu kwa mbali, na nyingi hutumia mfumo wa Google unaoitwa Android Enterprise.

Unavyofanya kazi ni hivi. Simu mpya, au iliyofutwa yote, inawashwa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kukaribishwa unagusa skrini mara sita mahali pamoja, kamera inafunguka, unapiga picha msimbo wa QR uliopewa na huduma hiyo. Kuanzia hapo simu ni ya kampuni. Play Store yake inaonyesha zile programu ulizoziidhinisha tu. Simu ikipotea Voi stendi, unaifunga au kuifuta ukiwa nyumbani.

Swali tunaloulizwa: mtandao ukikatika, je, simu inakuwa huru? Hapana. Orodha hukaa ndani ya simu yenyewe, na inafanya kazi hata bila bando. Kinachongoja mtandao ni amri mpya. Ukituma amri ya kuifuta simu iliyozimwa, itafutwa siku itakapowashwa na kupata mtandao. Kwa hivyo simu ya kazi ikipotea usitegemee amri hiyo peke yake. Piga simu kwa mtoa huduma laini ifungwe mara moja.

Kama simu ni ya mfanyakazi mwenyewe

Si haki kumfungia mtu simu aliyoinunua kwa jasho lake. Hapa kuna kitu kinachoitwa wasifu wa kazini. Simu inagawanywa pande mbili. Programu za kazi zinakuwa na alama ndogo ya mkoba, na mwajiri anadhibiti upande huo tu. Picha za familia na mazungumzo ya upande wa pili havimhusu. Mtu akiacha kazi, upande wa kazi unafutwa na simu inabaki yake.

Na hata kama simu ni ya kampuni, mwambie anayeishika ni nini unachokiona na kwa nini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amwambie anakusanya nini na kwa sababu gani. Karatasi moja iliyosainiwa na wote wawili inazuia ugomvi mwingi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la simu nalo ni muhimu: nani anayo, tangu lini, ina programu zipi.

Wewe unayeshika simu ya mtu

Tugeuze upande sasa. Pengine si wewe mwenye duka, ni wewe unayepewa simu. Au unalipia simu kidogo kidogo.

Julai 2020 Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo, mteja akapata simu ya 4G kwa kulipa shilingi 20 kwa siku. Leo kuna kampuni kadhaa zinazouza simu kwa mkopo. Simu ya mkopo ni simu inayosimamiwa mpaka umalize deni. Ukichelewa kulipa, mkopeshaji anaweza kuifunga kwa mbali, ukabakiwa na mambo ya msingi kama kupiga simu ya dharura.

Kumbuka haya:

- Pesa zako hazijafungwa. Simu ya mkopo ikifungwa, toa laini, itie kwenye kabambe yoyote. Salio lako lipo, na unaweza kulitumia kulipia deni lenyewe.
- Umelipa na bado imefungwa? Simu inahitaji mtandao ili ipokee amri ya kufunguliwa. Tafuta mahali penye mtandao mzuri, washa data, subiri kidogo kabla ya kuanza kulalamika. Weka ujumbe wa malipo kama ushahidi.
- Usimpelekee fundi "aiflashi". Anaweza kuingiza mfumo usiojulikana umetoka wapi, na wewe ndiye utakayeandika PIN juu yake.
- Usiweke laini yako binafsi kwenye simu ya kampuni. Siku utakayoacha kazi, au simu itakapofutwa, picha na mazungumzo yako yataenda nayo. Mshahara wako upokee kwenye simu yako, hata iwe ndogo namna gani.
- Jua kama unasimamiwa. Ingia mipangilio, sehemu ya usalama, utafute programu za msimamizi wa kifaa. Ukiona jina la kampuni uliyokopa au unayofanyia kazi, hilo linaeleweka. Ukiona jina usilolijua, uliza kabla ya kutuma hata shilingi.

Orodha haizuii kila kitu

Tusidanganyane. Orodha ya programu haizuii mtu kukupigia simu akijifanya mhudumu wa kampuni na kukuomba PIN. Haizuii ujumbe wa uongo wa "umepokea" uliotoka kwa nambari ya mtu wa kawaida. Kwa hivyo malipo yaangaliwe kwenye programu ya till, si kwenye ujumbe anaouonyesha mteja.

Tena, haizuii mtu kwenda kubadilisha laini yako kwa jina lako. Kama laini ni ya Safaricom, piga *100\*100# uzuie laini yako isibadilishwe bila wewe kuwepo. Ujumbe wa ulaghai utume kwa 333, bila malipo. Kwa mitandao mingine, uliza kituo cha huduma kilicho karibu nawe.

Na mwisho, usimpe msaidizi wako PIN ya mwenye till. Uliza mtoa huduma wako wa till namna ya kumsajili msaidizi kwa nambari yake mwenyewe, aone malipo yakiingia bila kuwa na uwezo wa kuyatoa.

Kazi ya leo jioni

Ukifunga duka leo, kabla ya kuhesabu pesa, chukua ile simu ya kaunta na uhesabu programu zake. Kwa kila moja jiulize: hii inauza nini hapa? Ile isiyo na jibu, itoe.

Kisha mwite huyo kijana anayekusaidia, umwonyeshe ulichokifanya. Usimfungie kimyakimya kama unayemshuku. Akikuuliza, "Shangazi, sasa sitaweza hata kucheza gemu kidogo?" mjibu: "Cheza kwa simu yako. Hii ina pesa za watu."